Nani anaweza kuyasimamisha maji haya? Namna ya kusanifu mradi wa maji wa kijiji kama mfumo mzima

Mimi ni fundi sanifu wa maji. Kazi hii nimeifanya miaka 17, zaidi ya nusu yake mkoani Singida, na ninamwandikia kijana ambaye wiki ijayo atakabidhiwa faili la kijiji na kuambiwa, "Nenda kasanifu." Hesabu unazijua. Unajua kupiga kipenyo cha bomba, kimo cha mnara na ukubwa wa pampu. Ninachotaka kukuonyesha ni kazi inayotangulia hesabu, na ile inayobaki hesabu zikishaisha. Miradi mingi niliyoikuta imekufa ilikuwa na hesabu safi kabisa.

Uhandisi wa mifumo tuliofundishwa ulikulia Marekani katikati ya karne ya 20, kwenye mitandao ya simu, makombora na vyombo vya anga. Njia yake ni hii: andika mahitaji, gawa kazi vipande vipande, kila kipande kipe timu yake, kisha unganisha, jaribu, kabidhi. Ukiichora inatoka kama herufi V, unashuka ukigawa na unapanda ukiunganisha. Ni njia nzuri na bado ninaitumia. Lakini hata wenyewe iliwahi kuwatoka mikononi. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya timu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na timu nyingine ikazisoma kana kwamba ni nyutoni, yaani vipimo vya metriki. Kila timu ilifanya kazi yake. Palipovuja ni kwenye kiungo, na fundi bomba yeyote atakwambia hilo halimshangazi.

Kijijini viungo vya namna hiyo ni vingi kuliko vya bomba, na vingi havimo kwenye mchoro wowote.

Mradi uliofaulu majaribio yote

Nitaeleza mradi mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndio ulionifundisha nilichonacho. Kijiji sitakitaja. Ukurasa wa mahitaji niliuandaa mimi, na sahihi yangu ipo.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilitupa vipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo ndani ya mita 400, watu 250 kwa kila koki. Kijiji kilikuwa na watu 3,000. Nikazidisha: lita 75,000 kwa siku, koki 12. Kisima kirefu kilipopimwa kilitoa lita 12,000 kwa saa, kwa hiyo saa sita na robo za kusukuma zingetosha, na jua la Singida saa sita nzuri linazitoa. Paneli za sola, pampu ya kuzamisha, tanki juu ya mnara wa mita 9, laini tatu. Siku ya makabidhiano koki zote 12 zilitoa maji kwa nguvu. Watu walipiga vigelegele. Nilipanda gari nikiwa na furaha ya kweli.

Pampu iliungua mwezi wa 14. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikafa kabla ya mwaka. Nilitumwa kukagua kabla ya kununua ya tatu.

Jambo la kwanza nililofanya, na ninakushauri ulifanye kila mara, ni kusoma dira, vile vifaa vinavyohesabu maji yanayopita bombani. Dira ya kisimani ilikuwa na daftari lake, na kwa siku za mwisho kabla pampu haijafa ilionyesha wastani wa mita za ujazo 74 kwa siku. Dira za vituo nikizijumlisha zote, maji yaliyouzwa yalikuwa mita za ujazo 22. Mita 52 za ujazo zilikuwa zinatoka ardhini kila siku na hazimfikii mnunuzi. Katika vikao vya kamati ya maji ya kijiji hakuna aliyeweka namba hizo mbili kwenye karatasi moja. Ya kisimani ilikuwa ya fundi, ya vituo ilikuwa ya mtunza hazina.

Nikatembea laini ya tatu, inayokwenda kitongoji cha mbali. Ilikuwa Oktoba. Nchi yote ilikuwa na rangi ya vumbi, miti imepukutika. Laini inashuka korongoni kabla ya kupanda kwenye kitongoji, na pale korongoni nilikuta nyasi mbichi. Yangeyange walikuwa wamesimama matopeni. Kando yake mtoto wa miaka kama 12 alikuwa ananywesha ndama kwenye dimbwi. Akaniamkia shikamoo, nikaitika, nikamuuliza maji haya yanatoka wapi. Akasema, "Haya ni ya usiku, baba. Mchana yanabaki haya kidogo."

Wafugaji walikuwa wanalegeza kiungo usiku, wananywesha, kisha wanakaza kwa mkono. Kwa mkono kiungo cha bomba la plastiki hakikazi. Mchana kutwa kilikuwa kinavuja. Kijiji kilikuwa na ng'ombe 900 hivi. Ng'ombe wetu wakati wa joto anakunywa lita 30 bila shida, yaani lita 27,000 kwa siku, na kwenye ukurasa wangu wa mahitaji hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Watu hawa sikuwaita wezi siku ile, wala siwaiti leo. Niliwajengea bomba linalopita katikati ya malisho yao nikawaambia si lao.

Sasa fuatana nami uone jinsi kiungo kilicholegea korongoni kilivyoua pampu umbali wa kilomita tatu.

Maji yakivuja korongoni, presha haitoshi kupanda kitongoji cha mbali. Vituo vitatu vya kule vikawa vinatoa maji alfajiri tu, kisha kimya. Kina mama wakarudi kwenye visima vya kienyeji vya kuchimba mchangani. Mhudumu wa vituo vile alikuwa analipwa asilimia ya mauzo. Mauzo yalipokufa akaacha, akaenda kuuza vitumbua mnadani. Alipoondoka, hakukuwa na mtu wa kusoma dira zile wala wa kupita njia ile kila asubuhi. Uvujaji ukaongezeka kwa kuwa hakuna anayeuona. Kwenye muhtasari wa kamati yapo maneno haya: wananchi wa kitongoji hicho hawana mwamko wa kuchangia.

Huku kisimani, tanki halikujaa tena. Kwa mauzo ya mita 22, pampu ingefanya kazi saa mbili, swichi ya boya ingeizima, na kisima kingepumzika. Badala yake pampu ilisukuma tangu jua linachomoza mpaka linazama, siku zote za kiangazi. Na kisima kilipimwa Mei, masika yakiwa yameisha juzi tu, maji ya ardhini yakiwa juu. Oktoba yalikuwa yameshuka sana. Kihisi kinachozuia pampu isisukume hewa, ambacho mafundi wengi tunakiita sensa, kikaanza kuizima kila baada ya dakika chache. Fundi aliyeitwa akaona pampu inakatikakatika, watu wamepanga madumu, kelele zimezidi. Akaunganisha nyaya za kihisi moja kwa moja ili pampu isizime. Maji yakatoka siku ile, akashukuriwa, akalipwa. Mchanga ukaanza kupanda, impela, yaani mapanga yanayosukuma maji ndani ya pampu, zikalika, mota ikaungua.

Kila mmoja katika mlolongo ule alifanya jambo la busara kwa kile alichokiona mbele yake. Pampu mbili zilikufa na zote zilikuwa nzima zilipoingia kisimani.

Swali la mpaka

Tangu siku ile sichori kitu kabla ya kujibu swali moja: nani anaweza kuyasimamisha maji haya? Yeyote anayeweza, awe mtu, mnyama, ofisi au majira, yumo ndani ya mfumo na lazima awemo kwenye mchoro. Vitabu vinakufundisha kuweka mpaka wa mfumo pale mamlaka yako yanapoishia. Kijijini mpaka huo unakudanganya.

Kaa na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mhudumu mmoja wa kituo na fundi wa jumuiya ya watumia maji, uwaulize swali hilo hivyo hivyo lilivyo, kisha nyamaza uandike. Kwa mradi ule orodha yangu ya pili ilikuwa hivi: wafugaji wa korongoni; mtunza hazina, akisafiri na ufunguo wa sanduku; mvua, kwa sababu lambo likijaa hakuna anayenunua maji; duka la vipuri mjini; dereva wa bodaboda anayeleta vipuri; mkandarasi wa barabara, greda lake likikata bomba; mwalimu mkuu, kwa sababu koki ya shule iko kwenye laini yetu na wanafunzi huiacha wazi; fundi kutoka nje; na nyani, wanaofukua bomba lililozikwa juujuu. Orodha yako haitafanana na hii. Ikitoka na watu wa serikali na wahandisi peke yao, umewauliza watu wasiostahili kuulizwa.

Jambo dogo la adabu ambalo ni la kiufundi pia: usiulize swali hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mbele ya mkutano watajibu wazee watatu, na wale wanaochota maji watakaa nyuma wamenyamaza. Kina mama wafuate kwenye foleni ya maji. Wafugaji wafuate jioni bomani, mifugo ikisharudi.

Tembea na dumu, kisha tembea na shilingi

Siku ya kwanza tembea na dumu. Chagua nyumba ya mbali kuliko zote, omba ruhusa usiku uliotangulia, na alfajiri uongozane na anayekwenda kuchota, kutoka mlangoni mpaka maji yanapoingia mtungini. Beba dumu lako mwenyewe lenye lita 20. Usiende na gari.

Utaona mambo ambayo ramani haina. Nimewahi kukuta kituo kilicho mita 350 kutoka nyumbani, kipimo cha sera kimetimia, lakini njia inakatiza korongo ambalo wasichana hawalipiti kukiwa bado giza. Walikuwa wanakwenda cha mita 900. Nimekuta foleni ya mawe, kila jiwe na mwenyewe, na kituo kinafunguliwa saa mbili asubuhi kwa sababu mhudumu ana mtoto wa kumpeleka shule. Nimekuta koki iliyofungwa chini mno, dumu haliingii, kila mtu anachota kwa kopo na kumwaga robo. Koki ile ilichorwa na mtu mwenye shahada.

Siku ya pili tembea na shilingi, ukielekea upande wa pili. Anzia mkononi mwa mnunuzi uifuate mpaka ifike kwenye kipuri. Ndoo ni shilingi 50, mita ya ujazo ni ndoo 50, kwa hiyo mita ya ujazo ni shilingi 2,500. Mradi wetu wa mita 22 ulikuwa unapaswa kukusanya shilingi 55,000 kwa siku. Ulikuwa unakusanya 38,000. Tofauti haikuwa wizi. Ilikuwa madeni ya watu wanaolipa wakivuna alizeti, yameandikwa kwa penseli kwenye daftari la mhudumu, na kamati ilikuwa haijawahi kuliona daftari hilo. Yeye aliwakopesha majirani zake kwa huruma, na alikuwa anafidia kwa ujira wake.

Masika mauzo yalishuka hadi mita 7. Andika namba ya kiangazi na ya masika bega kwa bega, na bajeti uipange kwa ile ya masika. Fedha ya pampu ijayo hukusanywa kati ya Juni na Novemba au haikusanywi kabisa.

Chora chini, kwa kamba na magunzi

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa kuwa ndio sehemu iliyobadilisha kazi yangu.

Mchoro wa V ni mshale: unaanza, unafika. Mambo ya kijiji yanazunguka. Utaona mzunguko pale tu utakapouchora, na wenye kijiji watauona pale tu utakapouchora kwa vitu wanavyoweza kuvishika. Kwa hiyo acha kompyuta kwenye begi. Tafuta kivuli, fagia ardhi, omba magunzi ya mahindi na kamba ya katani.

Kila gunzi ni kitu kinachoweza kupanda au kushuka: maji yanayovuja, presha ya kitongoji cha mbali, mauzo, ujira wa mhudumu, ukaguzi wa laini. Gunzi lenyewe lisiwe mtu wala ofisi. Ukiweka gunzi la "kamati," watu wataanza kulaumiana na kikao kitaishia hapo.

Kisha kata kamba. Kati ya gunzi na gunzi uliza: hiki kikipanda, kile kinafanyaje? Kama kile nacho kinapanda, weka kamba tupu. Kama kinashuka, piga fundo katikati ya kamba. Uvujaji ukipanda, presha inashuka: fundo. Presha ikipanda, mauzo yanapanda: hakuna fundo. Mauzo yakipanda, ujira wa mhudumu unapanda: hakuna. Ujira ukipanda, ukaguzi unapanda: hakuna. Ukaguzi ukipanda, uvujaji unashuka: fundo. Tumerudi tulipoanzia.

Sasa hesabu mafundo ya duara lote. Yakiwa shufwa, mzunguko huo unajilisha wenyewe: ukianza vibaya utazidi kuharibika, na ukianza vizuri utazidi kunyooka. Yakiwa witiri, mzunguko unajirudisha wenyewe. Wetu ulikuwa na mafundo mawili. Ule wa tanki na swichi ya boya una fundo moja: maji ya tanki yakipanda, kazi ya pampu inashuka; kazi ya pampu ikipanda, maji ya tanki yanapanda. Huo ndio breki ya mradi mzima, na uvujaji wa korongoni uliukatia kamba.

Tulipouchora mzunguko huu kijijini kwetu kule, chini ya mwembe, bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni muda wote alisogea, akaokota kamba kati ya mauzo na ujira wa mhudumu, akaishika juu. Akasema, "Mwanangu, hii ndiyo inayotuua. Mkimlipa kwa kuuza, siku maji hayapo naye hayupo. Na siku maji hayapo ndiyo siku tunayomtaka." Nilikuwa nimeuandika mkataba ule wa asilimia mwenyewe, nikidhani unampa mhudumu ari ya kuuza. Bibi yule hakuwahi kusoma mchoro wa bomba maishani mwake, na aliona mahali pa kukata kabla yangu.

Piga picha ya magunzi kabla ng'ombe hawajapita. Nakala unayochora baadaye kwenye karatasi ibaki ofisi ya mtendaji wa kijiji, ukutani.

Hesabu siku za kusubiri

Chukua kipuri kimoja kidogo, mpira wa koki kwa mfano, uliza mara ya mwisho kilipoharibika ilichukua siku ngapi mpaka maji yakatoka tena. Zigawe siku hizo: ngapi za kujua kuwa kimeharibika, ngapi za kikao, ngapi za kupata hela, ngapi za safari ya mjini, na saa ngapi za kufunga. Mara zote nilizofanya hivi, kazi ya spana ilikuwa chini ya saa mbili na iliyobaki ilikuwa kusubiri. Sisi tunasomea zile saa mbili.

Kuna watu waliolitazama jambo hili mapema. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo ilikomazwa kwa sehemu kubwa huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, katika miaka ya 1980, ilisanifiwa tangu mwanzo ili wanakijiji waweze kuifungua kwa spana moja na kuvuta vyuma vyake bila winchi wala gari. Aliyeketi kuichora alianza na nani ataitengeneza. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za mkono huko Kyuso, Kitui, nchini Kenya, vinavyotuma ujumbe kwa mtandao wa simu kuonyesha kama pampu inapigwa. Ujumbe ulikuwa unamfikia fundi aliye tayari kutoka. Siku za kusubiri zikashuka kutoka karibu wiki nne hadi chini ya siku tatu. Ninakuomba ushike yote mawili, kifaa na fundi aliye tayari, maana nimeona miradi inayonunua kifaa peke yake.

Kwa mradi wako, kipuri chochote ambacho kusubiri kwake kunazidi siku 3 kinunue kabla hakijaharibika na kiwekwe kijijini. Huo ndio mstari wa bajeti nitakaoupigania kuliko wote.

Badilisha kidogo, kisha subiri masika

Ukishaona mizunguko, mkono utakuwasha kubadilisha kila kitu. Zuia. Sisi tulibadilisha mambo manne, na hata hayo tuliyapishanisha kwa miezi ili tujue lipi limeleta nini.

Kwanza tulijenga mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, pale pale korongoni, kwenye laini yake yenye dira. Ufunguo wa valvu anao mzee waliyemchagua wafugaji wenyewe, na anafungua saa nne asubuhi mpaka saa nane, jua likiwa kali na pampu ina nguvu, ili tanki lisikaukiwe usiku. Wanalipa shilingi 1,000 kwa ng'ombe kwa mwezi wa kiangazi. Ujira wa mhudumu ukawa wa mwezi, haupungui maji yakikatika, na kazi yake ya kwanza kimkataba ikawa kupita laini kila asubuhi. Nyaya za kihisi ziliingia kwenye boksi lenye lakiri, na juu yake tukaandika kwa rangi nyekundu: PAMPU IKIZIMA HAPA, USIUNGANISHE, PIMA KISIMA. La mwisho lilikuwa rahisi kuliko yote: namba ya dira ya kisimani na jumla ya dira za vituo zinaandikwa ubao mmoja, kila Ijumaa, nje ya ofisi ya kijiji.

Baada ya mwaka ubao ulisoma hivi kwa siku: kisimani 58, vituo 24, mbauti 28. Sita zinapotea, na sita ninaweza kulala nazo. Pampu ya tatu bado iko kisimani.

Mwaka wa pili mvua zilikuwa haba, na mifugo ikaja kutoka mbali kwa sababu habari za mbauti zilisambaa. Foleni, ugomvi, fimbo. Mbauti uliotibu tatizo moja ulikuwa umevuta jingine. Tulirudi chini ya mwembe na magunzi yale yale, tukaongeza gunzi la mifugo ya wageni, na wazee wa pande mbili wakapanga zamu na bei. Mwaka mwingine litakuja jingine. Mpango wa serikali wa mwaka 1971 uliahidi maji ndani ya mita 400 kwa kila mtu vijijini ifikapo 1991, na ulihesabu zaidi vile vinavyojengwa kuliko vile vinavyobaki vikifanya kazi. Mahesabu ya namna hiyo bado yamo kwenye fomu tunazojaza.

Kabidhi mara tatu

Kwa hiyo kwenye mkataba wako weka makabidhiano matatu. La kwanza ni la kawaida, koki zote zikitoa maji na viongozi wakiwepo. La pili lifanyike Februari, mvua zikinyesha na mauzo yakiwa chini kabisa: siku hiyo hupimi presha, unapima kama mhudumu amelipwa na kama kuna fedha benki. La tatu lifanyike Oktoba inayofuata. Siku hiyo pima kina cha maji kisimani asubuhi kabla jua halijapanda, soma dira zote, halafu mwombe fundi wa jumuiya afungue koki moja, atoe mpira, atafute mwingine, afunge. Kaa kwenye kivuli na saa yako. Usimsaidie. Akitoka kwenda mjini kuutafuta mpira, mradi haujakabidhiwa, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri mpaka arudi.